Shafti ya ponti ikikatika au ikianza kulia: mwongozo kamili kwa magari ya 4x4 ya Bukavu

Kwa magari yanayotoka Bukavu kwenda Walungu, Mwenga na Kamituga, shafti ya ponti ya nyuma (ponti ni ekseli, lile bomba zito linalounganisha magurudumu mawili) ni kati ya vyuma vinavyoumia mapema. Njia inapanda na kushuka, udongo mwekundu ukinyeshewa hugeuka utelezi mtupu, na pikapu ya tani moja inapakiwa mbili pamoja na watu juu ya mzigo. Shafti ikikatika, wengi wetu hukimbilia kutafuta nyingine, tunaichomeka na safari inaendelea. Gari hilohilo hurudi gereji baada ya muda mfupi, na mara nyingi ni upande uleule.

Shafti imetengenezwa kwa chuma kilichopikwa kiwe kigumu, na haikatiki mpaka kitu kiilazimishe. Fundi anayebadilisha shafti bila kujua kilichoikata amefanya nusu ya kazi, na mwenye gari atalipa mara mbili. Kwa hiyo hapa tunaenda hivi: kuhakikisha kwamba kweli ni shafti, kuitoa, kuisoma, ndipo tuweke nyingine.

Jua kwanza ponti yako ni ya aina gani

Shafti ni ile fimbo ndefu ya chuma inayotoka ndani ya difu (lile boksi la gia katikati ya ponti linalogawa nguvu kushoto na kulia) hadi kwenye gurudumu. Kila ponti ina mbili, kushoto na kulia. Lakini si kila shafti inafanya kazi ileile.

Land Cruiser za mzigo, zile za mfululizo wa 70 kama HZJ78 na HZJ79, nyuma zina shafti isiyobeba uzito wa gari. Uzito unakaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu) yenye rulma mbili (beringi), nayo habu imekaa juu ya spindeli, yaani ncha ya bomba la ponti. Shafti inapita katikati na kazi yake ni kuzungusha tu. Ukisimama kando ya gari utaona katikati ya gurudumu kofia ya chuma imejitokeza nje, imezungukwa na nati ndogo. Hiyo ndiyo flanji ya shafti. Shafti hii ikikatika gurudumu halitoki, na unaweza kuichomoa hata gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake yote manne.

Hilux nyingi nyuma ziko tofauti. Shafti inabeba uzito na kuzungusha kwa pamoja: gurudumu na ngoma ya breki vimefungwa moja kwa moja kwenye flanji ya shafti, na rulma moja imekandamizwa juu yake. Shafti ya namna hii ikikatika karibu na rulma, gurudumu linaweza kuondoka pamoja na ngoma. Ukisikia sauti mbaya kwenye Hilux iliyopakia, simama palepale, hata kama kijiji kiko mbele tu.

Sauti na dalili zinasema nini

Tuanze na sauti za kuvuma. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, na unaobadilika ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia, mara nyingi ni rulma ya gurudumu. Ukiyumba kwenda kushoto, uzito unaegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukiongezeka hapo, anza kutafuta upande wa kulia. Kama mvumo unabadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia, lakini haubadiliki ukiyumba, basi shaka iende kwenye meno ya difu.

Gongo moja zito unapotoka gia ya nyuma kwenda ya mbele lina watuhumiwa kadhaa: msalaba (kiungo) wa kardani, yaani ile fimbo inayoleta nguvu kutoka gia boksi hadi difu, nati za flanji zilizolegea, meno ya shafti yaliyolika, au nafasi iliyozidi ndani ya difu. Usianze kufungua ponti. Zima injini, weka mawe kwenye magurudumu, ingia chini ushike kardani na uizungushe kwa mkono huku na huku. Ukiona msalaba unacheza, hapo ndipo pa kuanzia, na ni kazi ndogo. Kama misalaba imekaza lakini kardani inazunguka mbali kabla ya kugonga, tatizo liko kwenye difu au kwenye shafti. Nati za flanji zikague kwa spana kabla ya jambo lingine lolote. Zikilegea, flanji inacheza kila unapoondoka, matundu yanapanuka, na bolti zinakatika moja baada ya nyingine.

Mafuta yaliyotiririka upande wa ndani wa gurudumu yanaonyesha sili (pete ya mpira inayozuia mafuta yasitoke) imechoka. Hakikisha ni mafuta ya difu na si ya breki: ya difu ni mazito na yana harufu ya kiberiti, ya breki ni mepesi na hula rangi ya gari. Usiahirishe, kwa sababu mafuta ya difu yakifika kwenye viatu vya breki, gurudumu hilo halishiki tena, na kutoka Nyangezi kushuka mteremko wa Ngomo kwenda Kamanyola huwezi kukosa breki hata gurudumu moja.

Mlio wa tak-tak-tak ukikata kona huku 4x4 imeingizwa na habu za mbele zimefungwa (zimeshikanishwa na shafti) unatoka kwenye sivi-jointi ya mbele, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekata kona. Tutafika huko.

Dalili kubwa kuliko zote haina utata: injini inanguruma, gia imeingia, klachi imeachiwa, gari halisogei.

Kabla ya kupima: gia haitalishika gari

Hapa nasimama kidogo, maana ndipo watu wanapoumia. Difu la kawaida hugawa nguvu pande mbili. Upande mmoja ukikatika, nguvu yote inakimbilia huko kusikoshika kitu. Maana yake si kwamba gari haliendi mbele tu. Gia haiwezi tena kulizuia lisiteremke, wala injini haiwezi kulipunguza mwendo. Gari uliloliacha kwenye gia ya kwanza ukidhani limetulia litaanza kuondoka lenyewe.

Shofa anapiga simu kutoka mlimani: «Papa fundi, nimeweka gia lakini motokari inarudi nyuma!» Jibu ni moja: «Kanyaga breki, msaidizi ashuke aweke mawe makubwa nyuma ya magurudumu mawili, halafu ndio tuongee.» Ukiwa kwenye mteremko, breki ya mguu kwanza, breki ya mkono, mawe, kisha fikra.

Kipimo cha kujua ni shafti au ni kitu kingine

Gari liwe mahali tambarare, mawe mbele na nyuma ya magurudumu, 4x4 imetolewa. Mtu mmoja akae kwenye usukani, awashe, aingize gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Mwingine aangalie kardani ya nyuma akiwa kando, hatua kadhaa mbali, kamwe asiwe chini ya gari.

Kama kardani haizunguki, ponti haina kosa. Tafuta kwenye klachi au gia boksi, na angalia pia kama mkono mdogo wa gia (ule wa 4x4) haujakaa kwenye nyutro. Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Kama kardani inazunguka na gari limetulia, tatizo liko kati ya difu na gurudumu.

Sasa zima injini. Inua ponti nzima ya nyuma, uilaze juu ya stendi au vigogo vipana vya mbao, usiiache juu ya kriki (jeki) peke yake. Magurudumu ya mbele yawe na mawe pande zote mbili. Achia breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza ili kardani ishikiliwe, kisha zungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. Kwenye difu la kawaida, gurudumu la kulia lazima lizunguke kinyume. Likifanya hivyo, shafti zote mbili ni nzima. La kulia likikaa kimya, kuna kilichokatika. Zungusha kila upande na usikilize mkono wako: upande uliokatika huzunguka mwepesi kabisa, bila ule uzito mdogo wa meno yanayopita kwenye mafuta, na wakati mwingine utasikia ncha mbili za chuma zikisuguana ndani ya bomba. Kama difu lako ni la kujibana lenyewe au lina loki iliyofungwa (inayolazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja), kipimo hiki kitakudanganya, kwa hiyo hakikisha loki imeachia.

Ukiwa bado umeinua, shika kila gurudumu juu na chini na ulitikise. Likicheza, rulma zimelegea au zimekwisha.

Kuitoa: Land Cruiser ya mzigo

Hii ndiyo kazi rahisi zaidi katika ponti yote, na nasikitika nikiona inafanywa kwa nyundo na hasira.

Safisha flanji kwa brashi ya waya na dizeli mpaka chuma kionekane, maana mchanga wowote utakaoanguka ndani utakwenda moja kwa moja kwenye rulma. Inua upande unaoufanyia kazi uwe juu kidogo kuliko mwingine ili mafuta ya difu yakimbilie ng'ambo. Weka chombo chini hata hivyo.

Fungua nati zote za flanji. Kwenye nyingi ya gari hizi, chini ya kila nati kuna washa ya umbo la koni iliyopasuliwa upande mmoja, nayo imejibana kwenye tundu. Hizo hazivutwi kwa koleo. Chukua kipande cha shaba, kiweke kwenye flanji karibu na bolti, ukigonge kwa nyundo kwa mapigo makavu ukizunguka. Koni zitaruka zenyewe moja moja. Usigonge ncha ya bolti kwa nyundo tupu, utaharibu nyuzi. Flanji ikiwa bado imeganda, tafuta matundu mawili yenye nyuzi kwenye uso wake: ukiingiza bolti mbili za kipimo hicho na kuzikaza kwa zamu, zinaisukuma shafti nje taratibu.

Vuta shafti ukiishikilia kwa mikono miwili isije ikaburuza kwenye sili. Ikitoka nzima, weka chini na uende upande wa pili. Ikitoka fupi, umempata mgonjwa.

Kipande kilichobaki ndani

Kipande cha ndani kimekaa kwenye meno ya difu, na hakiwezi kuachwa. Sumaku yenye nguvu iliyofungwa kwenye ncha ya bomba refu mara nyingi hukitoa bila shida, hasa kama kimekatika mbali na difu. Kikigoma, kitanzi cha waya mgumu huweza kusaidia. Wengine hutoa shafti ya upande wa pili na kujaribu kukisukuma kwa nondo kutoka huko. Kwenye madifu mengi haifanikiwi, kwa sababu fimbo ya katikati inayoshikilia gia ndogo imeziba njia. Ukiona nondo inagota, usilazimishe. Toa shafti zote mbili, fungua kardani, mwaga mafuta, na utoe kichwa cha difu chote kwa mbele. Kwenye Toyota hizi kichwa hicho kinatoka kama kitu kimoja. Ni kizito, kwa hiyo muwe wawili.

Mafuta uliyomwaga yachunguze. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida, na ukivikuta, bomba la ponti lioshwe kwa dizeli mpaka litoke safi kabla ya shafti mpya kuguswa. Kipande kimoja kidogo cha chuma kikipita katikati ya meno ya difu kitakugharimu difu zima.

Soma mahali ilipokatika

Futa uso uliokatika kwa kitambaa chenye petroli na uupeleke kwenye mwanga wa jua. Usisugue kwa brashi ya chuma wala msasa, utafuta maandishi.

Uso ukiwa umekatika wima, mkwaruzo wake umezunguka upande mmoja, na meno ya shafti karibu hapo yamejipinda badala ya kunyooka, shafti ilizidiwa kwa pigo moja. Chukua rula uilaze kando ya jino moja. Kama jino linaiacha rula na kukimbilia pembeni, chuma kilipindwa mpaka kikakubali. Hii ndiyo shafti ya gari lililokwama, shofa akakanyaga mafuta gurudumu likazunguka hewani, kisha likashika jiwe ghafla.

Ukiona sehemu kubwa laini yenye mistari ya mviringo inayofuatana, kama miduara ya gogo lililokatwa kwa msumeno, na pembeni sehemu ndogo inayokwaruza, yenye chembechembe, basi ufa ulianza siku nyingi zilizopita. Kila mstari ni hatua ufa uliyopiga, na sehemu ile ndogo ndiyo iliyokuwa ikishikilia gari mpaka siku ya mwisho. Kutu ndani ya sehemu laini inathibitisha. Hapo usimlaumu shofa wa siku ile. Tafuta mzigo uliozidi, rulma iliyolegea, ponti iliyopinda, au alama ya nyundo na gurudumu la kukatia vyuma ambapo ufa ulianzia.

Mpasuko unaokwenda kwa mshazari, karibu nyuzi 45, unatokana na kupindwa-pindwa huku na huku au na chuma kilichopikwa kikawa kigumu kupita kiasi. Rangi ya bluu au nyeusi karibu na rulma inaonyesha moto: rulma ilikauka ikashika.

Kwa nini nguvu inakuwa kubwa hivyo? Kwenye Land Cruiser ya dizeli, gia ya kwanza, gia ya chini ya 4x4 na meno ya difu kwa pamoja huzidisha nguvu ya kuzungusha ya injini zaidi ya mara 40. Katika hali ya kawaida nguvu hiyo inagawanywa. Ukifunga loki ya difu na gurudumu moja tu ndilo linaloshika, shafti moja inaweza kuibeba karibu yote. Loki ni ya matope, nayo iondolewe mara tu magurudumu yakifika pagumu. Kukata kona juu ya mawe makavu na loki imefungwa ni kuikata shafti kwa makusudi. Na matairi makubwa kuliko ya kiwanda yanaongeza kazi hiyohiyo.

Kama gari limekwisha kata shafti upande mmoja zaidi ya mara moja, au sili ya upande huo haidumu, pima bomba la ponti. Piga alama ya chaki katikati ya kila tairi la nyuma, mbele, kwenye kimo cha habu. Pima umbali kati ya alama mbili. Sogeza gari mpaka alama zije nyuma kwenye kimo kilekile, upime tena. Ponti iliyonyooka hutoa vipimo vinavyokaribiana sana. Tofauti ya kuonekana kwa macho kwenye futi inaonyesha ponti imepinda, na shafti yoyote utakayoweka itakuwa inafanya kazi ikiwa imeinama.

Kununua nyingine

Kuunganisha shafti kwa kulehemu nasema hapana, bila masharti. Moto wa kulehemu unafuta upikaji wa chuma pande zote mbili za kiungo. Kitashika ukizunguka mjini, kitaachia mlimani, na mlimani ndipo unapoihitaji injini ikushike.

Nenda dukani na shafti ya zamani, vipande vyote. Linganisha urefu, hesabu meno, pima unene wa meno na wa mwili, linganisha matundu ya flanji. Kushoto na kulia mara nyingi hazilingani urefu, kwa sababu difu halikai katikati kabisa. Usikubali neno la «itaingia tu».

Kati ya mpya ya bei rahisi isiyojulikana ilikotoka na okazio (iliyokwisha tumika) ya asili iliyonyooka, mimi nachukua okazio. Lakini lazima ipimwe. Izungushe juu ya meza ya kioo au bamba lililonyooka uangalie mwanga chini yake, ikiruka, imepinda. Kisha tafuta nyufa: ioshe kwa petroli, ipake mafuta ya taa kwa wingi, subiri, ifute ikauke kabisa, halafu ipake unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa hurudi nje na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki, hasa mwanzoni mwa meno na kwenye kona ya flanji. Ukiona mstari huo, mrudishie muuzaji.

Kuirudisha

Ukiwa umefungua, angalia habu. Rulma zake ni mbili, za koni. Zioshe, zikaushe, zipitishe kidole: doa, shimo dogo au rangi ya moto ni sababu ya kuzibadilisha, na ubadilishe pamoja na vikombe vyake. Grisi ya rulma isukumwe kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili kati ya roli za rulma. Kupaka juu juu haitoshi.

Sili mpya igongwe ikae sawa kwa kipande cha mbao au bamba bapa, mdomo wake upakwe grisi kabla. Kama ile ya zamani imechimba mfereji kwenye chuma inachokisugua, sili mpya nayo itavuja; chuma hicho kirekebishwe au kibadilishwe.

Rudisha habu, kisha kaza nati ya spindeli huku ukizungusha habu pande zote mbili ili roli zikae. Ilegeze, ikaze tena taratibu mpaka mchezo wa juu na chini uishe, na habu bado izunguke bila kukwaruza. Kitabu cha gari kinatoa kipimo cha mvuto wa mizani. Mwenye mizani aitumie. Nati ya pili na washa ya kufungia visisahaulike.

Shafti iingie ikiwa imenyooka, meno yake yatafute meno ya difu. Ukiisikia imegota, izungushe kidogo, usiigonge. Uso wa flanji uwe mkavu na safi, gasketi mpya, koni zimeoshwa hazina grisi wala mafuta. Kaza nati kwa msalaba, mzunguko wa kwanza kwa mkono, wa mwisho kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu.

Kisha mafuta. Fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ile ya juu ikigoma baada ya kumwaga utabaki na ponti tupu. Jaza mafuta ya gia ya daraja la GL-5, 80W-90 au 85W-90, gari likiwa tambarare, mpaka yaanze kutoka kwenye tundu. Difu la kujibana lenyewe linahitaji mafuta yake maalumu.

Hilux

Mantiki ni ileile, mikono inabadilika. Toa gurudumu na ngoma, fungua bomba la breki na waya wa breki ya mkono, kisha nati nne zilizoko nyuma ya sahani ya breki. Shafti inatoka pamoja na sahani na rulma. Ikigoma, geuza ngoma, ifunge kwenye bolti kwa nati zilizolegezwa, uivute kwa mapigo ikusaidie kama nyundo.

Kubadilisha rulma kunahitaji presi. Pete inayoishikilia wengi huikata kwa mashine, na hapo ndipo shafti nzima inapouawa: disiki ikigusa mwili wa shafti hata kidogo, mkwaruzo ule ndio ufa wa mwaka kesho. Kata pete isifike mwisho, umalizie kwa patasi. Usiipashe moto shafti. Kama huna presi nzuri, lipa mwenye nayo.

Ponti ya mbele

Kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, sivi-jointi imo ndani ya tufe la chuma nyuma ya gurudumu. Sili ya ndani ikiisha, mafuta ya difu yanaingia humo, yanayeyusha grisi na kuwa supu nyeusi inayovuja kwenye tufe. Wengi huongeza grisi na kuendelea. Suluhisho ni kufungua, kuosha, kuweka sili mpya na kuijaza jointi grisi yenye molibdeni. Ukifungua, angalia njia ambamo mipira inatembea: mashimo au nyufa zikionekana, jointi imekwisha. Kwenye Hilux mpya, ambazo mbele hazina ponti ya bomba, chunguza buti za mpira. Buti iliyopasuka inatema grisi na kula mchanga, na ukiiwahi siku chache unaokoa jointi nzima.

Jointi hii ni dhaifu zaidi usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Ukikwama kwenye matope, nyoosha usukani kwanza, ndipo uongeze mafuta.

Kipumulio, kitu kidogo kinachoua ponti

Juu ya bomba la ponti kuna kipumulio. Ponti ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka hapo. Kikizibwa na matope, hewa inatafuta njia kupitia sili. Kibaya zaidi ni mto: ponti yenye moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili hizohizo. Fungua nati ya kujazia baada ya kuvuka maji ya kina. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa, yamwagwe yote. Kwa gari la Shabunda au Mwenga, fungia kipumulio bomba la mpira na ulipandishe mpaka juu, karibu na bodi. Ni kazi ya saa moja na haina gharama ya maana.

Ikikatika njiani

Hilux, usiendeshe, livutwe au shafti iletwe. Land Cruiser inaweza kujitoa. Ng'oa shafti zote mbili za nyuma, toa kipande kilichobaki, ziba habu kwa bamba la bati lililokatwa kwa umbo la flanji pamoja na karatasi nzito ya gasketi, na ufungue kardani ya nyuma. Funga habu za mbele, ingiza 4x4, gari litaenda kwa ponti ya mbele. Tembea polepole, punguza mzigo na watu, na kwenye miteremko mikali tumia gia ya chini. Breki za nyuma zinafanya kazi kama kawaida kwa sababu ziko kwenye habu, lakini ukisimama weka mawe kila mara.

Anayekwenda mbali na mji abebe gasketi mbili za flanji, koni na nati za akiba, sili moja ya kila upande, sumaku, kipande cha shaba na lita kadhaa za mafuta ya difu. Baada ya shafti mpya kufungwa, nati za flanji zikaguliwe tena kwa spana mwisho wa safari ya kwanza yenye mzigo, na mafuta ya kuanzia yabadilishwe mapema kama difu lilikuwa na vipande vya chuma.